Kofi la Kushoto

Asha alinipigia simu nikiwa juu ya ngazi, bisibisi mdomoni, nikihangaika na feni ya duka la mtu hapa Morogoro. Aliponiambia, "Zuhura, Baba ametutoka leo alfajiri," nilishuka, nikaegemeza ngazi ukutani, nikaanza kutembea. Nilifika sokoni ndipo nikakumbuka kwamba viatu nimeviacha dukani. Ndivyo nilivyo. Nimevuka sitini na bado sijui kupokea habari nikiwa nimekaa. Marehemu mume wangu alikuwa akisema siku nikifa itabidi wanizike ninatembea. Mambo ya ukoo wangu, nilizaliwa wapi na nani alimzaa nani, sitayaweka hapa, wapo ndugu zangu wanaoyapenda na waulizwe wao. Mimi ninautaka mwaka mmoja tu, ule niliokaa Kimamba kwa Fundi Mkude, baba yake Asha, tukiifufua mashine ya gololi. Ninautaka kwa sababu katika mwaka ule nilisema neno moja la uongo, lenye herufi sita tu kama jina langu, na nimetembea nalo tangu siku hiyo.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili na nilikuwa msusi. Nilisukia kwenye baraza la duka karibu na stesheni, na sifa yangu ilikuwa moja: vidole vyepesi. Sifa nyingine, ambayo wateja waliisemea pembeni, ni kwamba situlii. Treni ikipiga honi nilisimama, kitana kikiwa bado kichwani mwa mtu, nikatazama mabehewa mpaka la mwisho lipotee kuelekea Morogoro, na mteja ananisubiri nusu ya kichwa kikiwa timutimu. Siku moja mpita njia akaniletea ujumbe kwamba Fundi Mkude anatafuta mtu wa kusuka, tena haraka, mwenye mkono usiochoka. Nikajua kuna harusi. Nikachukua kitana, uzi na chupa ya mafuta ya nazi, nikaenda kwake ng'ambo ya reli. Nilimkuta mzee mrefu amekaa peke yake mlangoni. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, nikamuuliza ninayekuja kumsuka yuko wapi. Akavua kofia yake polepole, akaniinamishia upara unaong'aa. Akasema nianzie hapo nikiweza, kisha akacheka mpaka akakohoa. Kumbe alikuwa fundi umeme, na kwa mafundi umeme kusuka ni kuzungushia waya wa shaba kwenye mota au kwenye koili, mzunguko juu ya mzunguko, mamia kwa mamia. Nilitaka kuondoka kwa aibu, lakini alikuwa ameshaniwekea waya kiganjani, na vidole vyangu vikaanza kuuchezea kabla sijavikataza.

Sebule yake ndiyo ilikuwa karakana. Ninaweza kukichora chumba kile hata leo: meza ya mbao iliyoungua madoa madoa, harufu ya risasi ya kulehemu ikichanganyika na ya mihogo inayochemka uani, makopo ya skrubu yaliyopangwa dirishani, na katikati, imeegemea matofali upande mmoja kwa sababu mguu wake wa nne ulikuwa umeliwa na kutu, ile mashine. Wengi hawajawahi kuiona. Ni sanduku refu kama meza, limeinama kidogo kuja kwako, juu limefunikwa kioo. Gololi ya chuma inarushwa kwa springi, inapanda juu, inashuka ikigonga vigingi vyenye mpira, taa zinawaka, kengele zinalia, na chini kabisa kuna vipande viwili vya kuirudisha juu ukibonyeza kitufe, kimoja kulia na kimoja kushoto. Fundi alivibatiza makofi. Ilitoka kwenye klabu ya shamba la mkonge, ambako mameneja waliichezea jioni. Shamba lilipolala klabu ikageuzwa ghala, mashine ikafunikwa magunia, na panya wakazila nyaya zake miaka mingi.

Aliyeinunua ni Mama Tumaini wa Mikumi. Alipokuwa msichana alikuwa akiosha glasi katika klabu ile ile, na kengele za mashine alizisikia kupitia dirisha la jikoni, lakini kuigusa alikatazwa, hata kufuta vumbi juu ya kioo chake alikatazwa. Sasa alikuwa anajenga nyumba ya wageni kando ya barabara kuu na aliitaka mashine iwe sebuleni kwake. Alipokuja kutazama kazi alimwambia Fundi mbele yangu kwamba hataki mashine inayofanya kazi tu, anaitaka kama ilivyokuwa siku ilipotolewa kwenye sanduku, hata mkwaruzo mmoja asiuone. Fundi akakubali. Ndiye pekee wilaya nzima aliyekuwa amewahi kuyaona matumbo yake, maana alikuwa fundi umeme wa shamba.

Mimi mashine sikuitaka, na sitajipamba hapa kusema niliipenda. Nilitaka kuondoka Kimamba. Nilipojua kwamba Fundi ana rafiki anayeendesha karakana ya kusuka mota Morogoro, nilimganda. Wakati ule msichana hakupokelewa kirahisi kwenye karakana, angeulizwa kama amepotea njia, isipokuwa awe na barua ya mtu anayeheshimika. Fundi alinisikiliza, akamenya muhogo wake bila haraka, akaniambia sharti lake: mashine ikimaliza mchezo mzima kule Mikumi bila kuzima, atanipa barua. Isipomaliza, nirudi kwenye baraza langu nikasuke vichwa. Nikaiuza chupa yangu ya mafuta ya nazi kesho yake.

Basi tukaanza. Glopu ndogo za ndani tulizitoa kwenye taa za baiskeli, zile za dainamo, na Kimamba nzima ilikuwa na baiskeli. Mipira ya kwenye vigingi nilikata tyubu kuukuu, nikaichonga kwa wembe hadi ikawa pete. Gololi yenyewe ilikuwa imepotea, na Fundi akaipata nyingine ndani ya beringi ya korona, mashine ile kubwa ya kuchania mkonge. Aliisugua kwa kitambaa na majivu siku tatu mpaka ukajiona pua ndani yake. Kazi ya rangi ilikuwa yangu. Kwenye kioo cha mbele kulikuwa na picha ya wanawake wa Kizungu wenye sketi fupi wakiteleza juu ya maji yaliyoganda, nyuso zimebanduka, mmoja hana mdomo. Niliwapaka rangi ya kucha, nikitumia unyoya wa kuku, nikiwa nimebana pumzi. Mama mmoja wa Kimasai aliyekuwa akituletea maziwa ya mgando kila asubuhi alizoea kusimama mlangoni akiitazama picha ile kwa mashaka. Siku moja Fundi akamweleza kwamba huko kwao maji huganda yakawa magumu kama sakafu. Akafikiri, akauliza ng'ombe wao wanakunywa wapi. Mchana kutwa Fundi alikuwa akilitafuta jibu.

Barazani nilikotoka, wenzangu hawakuninyamazia. Nilipita nikawasikia wakisema Zuhura siku hizi anasuka mashine, na mwingine akajibu afadhali, mashine haitamlalamikia akiiacha nusu kichwa. Nilicheka nao kwa mdomo. Moyoni nilikuwa naungua, kwa sababu mwezi ulikuwa unafuata mwezi na mimi bado nilikuwa ng'ambo ya reli. Asubuhi nilikuwa wa kwanza kufika na nilikunywa chai yangu nimesimama. Fundi alikuwa akiniambia nikae, nakaa, na baada ya muda anaweka chini koleo na kuniambia tena nikae, kumbe nimeshasimama bila kujijua.

Kusuka koili kulinitesa kuliko vyote. Koili ya kofi ilitaka mizunguko elfu moja na mia moja, isipungue isizidi, kwenye kigurudumu kidogo cha mbao chenye mkono wa kuzungushia. Fundi alinifundisha kuhesabu kwa sauti. Alisema mkono unadanganya, kichwa kinadanganya, sauti tu ndiyo inayosikika na mtu wa pili. Yeye alikaa chumba cha ndani akilehemu, mimi barazani kwake nahesabu, na nikipunguza sauti anagonga ukuta. Koili ya kofi la kulia niliisuka hivyo, mwanzo mpaka mwisho, nikaifunga kwa karatasi na kuziba ncha kwa tone la rangi ya kucha nyekundu. Alipoipima akasema hii imesukwa. Sikumbuki sifa nyingine iliyonifurahisha kiasi kile.

Sasa niseme la macho. Nililigundua kwa chai. Nilikuwa namwekea glasi upande wa mkono wake wa kulia, naye anaipiga kumbo. Mara ya kwanza nilidhani ni haraka, mara ya pili uzee. Mara ya tatu niliisogeza glasi mbele yake kabisa, karibu na pua, akaichukua vizuri na kunishukuru. Nikajaribu tena pembeni, ikamwagika. Alikuwa anaona cha mbele tu, kama mtu anayechungulia kupitia bomba, na bomba lenyewe lilikuwa likizidi kuwa jembamba. Aliacha kwenda msikitini kwa njia ya dukani, akapita ya kwenye ukuta, akiugusa. Akaanza kuniambia nimsomee rangi za nyaya. Hatukulisema. Nilikuwa nikimtajia, nyekundu hii, nyeusi hii, kama vile ni kawaida ya kazi, na chai nikawa naiweka mbele. Nilijiambia tukimaliza mashine nitamwambia Asha.

Asha, mtoto wake pekee, aliishi Kilosa mjini, anashona. Alikuja asubuhi moja nikiwa barazani nasuka koili ya kofi la kushoto, nimevuka mia sita. Alipita ndani kumwamkia baba yake na nikawasikia. Alimwambia madaktari wa macho wanakuja hospitali ya wilaya kwa siku tatu, twende. Fundi akasema haumwi, anaona, na ana kazi ya watu. Asha akasema unaona nini na kanzu umeivaa ndani nje. Fundi akasema hiyo ni kwa sababu ya joto. Halafu Asha akatoka, akasimama mbele yangu, mkoba begani. Mimi nilikuwa nikihesabu, sikuinua macho.

"Zuhura," akasema, "wewe unashinda naye. Baba anaona?"

Nilielewa vizuri alichokuwa ananiuliza. Nilielewa pia kwamba nikisema la, mzee ataondoka siku hiyo hiyo, pengine atapelekwa Morogoro, pengine atakatazwa kazi moja kwa moja, na mashine itabaki kwenye matofali, na barua haitaandikwa, na mimi nitarudi barazani wanicheke hadharani. Yote hayo yalipita kichwani haraka, mkono ukiwa bado unazunguka.

"Anaona," nikasema.

Akashukuru. Akaondoka kuwahi gari la Kilosa. Nikatazama kigurudumu na sikujua nimefika ngapi. Mia sita na ngapi? Mkono ulikuwa umezunguka wakati nasema? Nilipaswa kufumua yote na kuanza upya, ndivyo alivyonifundisha, na ningefumua kama ningeweza kukaa hapo hata dakika moja zaidi. Nikasema kwa sauti, "Mia saba na moja," nikaendelea mpaka elfu moja na mia moja. Nikaziba ncha kwa rangi nyekundu. Fundi alipoipokea hakuipima. Aliigeuza kiganjani, akasema haya, ifunge.

Kulikuwa na kosa langu jingine, na hili angalau lilikuwa la ujinga. Ndani ya sanduku nilikuta fimbo nyembamba ya chuma imening'inia, mwishoni ina kibonge chenye umbo la pia, ile ya watoto ya kuzungusha, kimepita katikati ya pete. Nilikuwa nimewaona waashi wakijenga, nikaitambua papo hapo: timazi. Nikasema Wazungu kweli wana akili, wameweka timazi humo humo ili ujue kama mashine imesimama sawa. Nikaishusha ile pia hadi ikakaribia kuigusa pete pande zote, nikatia kabari miguuni mpaka ikakaa katikati kabisa, na nikamwambia Fundi timazi nimeiweka vizuri. Akajibu vyema, akidhani nasemea miguu. Tukaijaribu, ikacheza. Gololi ikaruka, kengele zikalia, Fundi akiwa ameweka viganja viwili juu ya kioo. Treni ingepita wakati tunaicheza tungelijua kosa langu mapema, lakini treni ikipita kazi ilisimama, kwa sababu mimi nilikuwa nimeshatoka nje kuitazama.

Tuliipeleka Mikumi juu ya lori la mbao, imefungwa magodoro mawili. Barabara ilikuwa ya vumbi na mashimo, na tulipofika Ulaya, kijiji chetu kile cha njiani, dereva akatuambia tumeshafika Ulaya bila pasipoti, mzaha ambao kila dereva wa njia ile huutoa na kila abiria huucheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimelikumbatia sanduku kama mgonjwa. Kwa Mama Tumaini sebule ilikuwa inanukia rangi mbichi, viti bado na nailoni zake, na jikoni wanakaanga kuku. Aliizunguka mashine mara mbili. Akawatazama wale wanawake wa kwenye barafu, akamgusa mdomo yule niliyemchora, akasema, "Ni huyu. Nilikuwa namwona kupitia dirishani." Sauti yake ilibadilika na akaifuta pua kwa ncha ya kitenge. Kisha akabonyeza.

Gololi ilipanda, ikagonga viwili vitatu, na mashine ikazima. Kwenye kioo likawaka neno moja jekundu la Kizungu ambalo hakuna kati yetu aliyelijua. Tukaiwasha upya, ikaenda kidogo, ikazima. Mara ya nne ndipo nikasikia kilichokuwa kinatokea: kila lori lilipopita barabarani, sakafu ilitetemeka, na mashine ikafa. Na barabara ile malori hayakauki. Mama Tumaini akaondoa mkono wake kwenye kitufe, taratibu, kama mtu aliyekatazwa tena. Mimi nilikuwa nimeanza kutembea huku na huku sebuleni, nikisema labda waya, labda glopu, na nilikuwa karibu kulia.

"Njoo hapa usimame," Fundi akaniambia. "Fungua chini. Niambie unachokiona, kimoja kimoja."

Nikamtazama Mama Tumaini. Mbele ya mwenye kazi, fundi hasemi maneno kama yale, ni kukiri kwamba haoni. Lakini alirudia, na mimi nikafungua, nikaanza kutaja, hadi nikafika kwenye timazi.

"Timazi gani?"

"Hii ya kuonyesha mashine imesimama wima, Mzee. Imening'inia ndani ya pete. Ina waya inakwenda juu."

Akanyoosha mkono, nikauongoza mpaka kwenye ile pia. Akaipapasa, akaipapasa pete, akaufuata waya kwa kidole. Halafu akaanza kucheka, kicheko kile kile cha siku ya upara. "Timazi ya mwashi gani yenye waya, binti yangu? Hiki ni kilinzi. Mchezaji akiitikisa mashine ili adanganye, kinagusa pete, mchezo unakatika. Wewe umekibana mpaka hata lori linaonekana mwizi." Mama Tumaini hakucheka. Alikuwa akiutazama mkono wa Fundi ulivyokuwa ukitafuta ukingo wa sanduku bila kuupata. Akamuuliza kwa upole, kwani huoni, Fundi? Naye akajibu anaona vya mbele, vya pembeni amemwachia huyu.

Niliipandisha ile pia juu, nikaikaza. Malori mawili yakapita, moja na tela lake, glasi zikalia kabatini, na gololi ikaendelea kwenda. Mama Tumaini alicheza mchezo mzima, akacheza wa pili, ameuma ulimi kama mtoto. Alisema kofi la kushoto lina nguvu kuliko la kulia, lina hasira. Mimi nilijua kwa nini. Waya ukipungua mizunguko, umeme unapita mwingi zaidi, koili inapiga kwa nguvu na kuchemka. Nikarudisha kifuniko cha chini. Fundi alikuwa ameinamisha kichwa upande mmoja, anasikiliza, na kila kofi lile lilipopiga alitabasamu kidogo.

Barua aliiandika pale pale, kwenye karatasi ya daftari, pua ikigusa meza, akakataa nimsaidie. Akaifunga bahasha kwa ugali uliobaki kwenye sahani. Ningeweza kurudi naye Kimamba nikamwambie Asha ukweli, na lori la mbao lilikuwa likirudi jioni ile ile. Lakini kulikuwa na lori jingine mbele ya mlango, linakwenda Morogoro, na injini yake ilikuwa inanguruma. Nikambusu mkono. Akaniambia nenda, mama, maana hata ukikaa hutakaa. Nilipanda. Sikugeuka nyuma, na si kwa ushujaa.

Mkuu wa karakana ya Morogoro aliifungua barua kesho yake mbele yangu. Aliigeuza, akaisogeza kwenye mwanga, kwa sababu mistari ilikuwa imepandana, mmoja umelalia mwingine. Akaisoma kwa sauti akikwama kwama: "Ndugu yangu, nakuletea binti. Anasuka kuliko nilivyosuka mimi nikiwa na macho. Hesabu yake ni nzuri, asisemeshwe tu." Akaniuliza hilo la kusemeshwa maana yake nini. Nilikuwa nimeelewa kwamba siku aliyokuja Asha chumba cha ndani kilikuwa kimya, wala ukuta haukugongwa nilipoacha kuhesabu. Alikuwa amesimama nyuma ya ukuta akihesabu pamoja nami. Alinisikia nikifika mia sita na kitu, akamsikia Asha akiuliza, akanisikia nikijibu, na akanisikia nikirukia mia saba na moja. Alijua vyote viwili kabla hata sijaziba ncha. Mkuu akasema basi kaa pale, uanze na mota ya pampu.

Mwaka uliofuata Fundi alikuwa haoni kabisa. Asha alimleta Morogoro, wakaambiwa ni presha ya macho, kilichopotea hakirudi, angewahi wangeokoa kilichokuwepo. Nilikwenda kumwona hospitali na machungwa. Tulizungumza habari za mota. Nilikwenda Kimamba pia, mara nyingi, miaka yote ile, na kila safari nilitoka nyumbani nikiwa nimepanga kusema, na kila safari nikasimama kabla chai haijaisha, nikasema nawahi gari.

Safari hii nilipanda treni ya umeme mpaka Kilosa, bodaboda hadi Kimamba, nikakuta wameshazika. Asha alikuwa uani na wanawake wengine, anachambua mchele. Nikamwamkia, shikamoo dada, akaniitikia na kunipa ungo. Nikakaa. Nilichambua hadi wenzetu wakaenda kuswali, tukabaki wawili, nikamwambia. Nilimwambia kwamba aliponiuliza nilijua, na nilijua tangu glasi ya chai. Vidole vyake havikuacha kuchambua. Akasema, "Ulinijibu bila kuniangalia, Zuhura. Nikaona. Nikasema moyoni huyu yuko kazini, nikaondoka nikawahi gari." Hakusema amenisamehe, wala hakusema hapana. Akanisogezea mchele mwingine. Halafu akanieleza kitu nisichokijua: kila mwaka baba yake alimwomba ampeleke Mikumi, akakaa sebuleni kwa Mama Tumaini watu wakicheza, yeye akisikiliza. Kofi la kushoto likipiga alikuwa akicheka peke yake na kusema, hapa ndipo aliposemeshwa.

Nikaenda Mikumi. Mama Tumaini naye ametangulia siku nyingi, na mapokezi nilimkuta mjukuu wake, Neema, binti mwenye simu mbili. Mashine ipo, pembeni, imefunikwa kitambaa cha meza. Alisema haichezwi tena kwa kuwa upande wa kushoto unachemka na kunuka, na akaniuliza, alipoona mfuko wangu wa vifaa, kama naweza kuifanya iwe kama mpya. Nikafungua chini. Ile pia ilikuwa pale nilipoikaza. Koili ya kushoto ilikuwa na karatasi yangu, imekuwa kahawia, na tone la rangi nyekundu ncha yake. Nikaomba kiti. Nikaanza kuifumua, waya ukitoka mweusi mkononi, nikihesabu kwa sauti. Ilikwisha kwenye elfu moja na arobaini na tatu. Nikaondoa kwenye hesabu ile mizunguko mia nne niliyoihesabu baada ya Asha kuondoka, na kwa mara ya kwanza nikajua nilikuwa nimefika wapi: mia sita na arobaini na tatu.

Nikatoa waya mpya, nikaanza moja. Nje malori yalikuwa yakipita. Simu yangu ikalia mezani ikaacha, ikalia tena. Nilipovuka mia sita, Neema alisogea akasimama mbele yangu, akanitazama midomo inavyokwenda.

"Bibi," akasema, "unasali?"

Mkono ulikuwa unazunguka. Sikuinua macho na sikumjibu.

"Mia sita na arobaini na tatu," nikasema. "Mia sita na arobaini na nne."